Fedha za umma zijenge mzunguko (majukwaa ya kiingilio cha chini) kabla ya vyumba vya VIP: uzi kuhusu viwanja vya michezo na hamasa yake

Wadau wa michezo, salaam.

Kila panapozuka mjadala wa serikali kuchangia ujenzi wa uwanja wa michezo, wachangiaji hugawanyika mara moja katika makundi mawili yasiyosikilizana. Kundi la kwanza hupiga hesabu: ajira ngapi zitapatikana, watalii wangapi watakuja, fedha itarudi baada ya miaka mingapi. Kundi la pili huzungumzia hamasa: kwamba uwanja wa zamani ulikuwa ukitetemeka, na kwamba huu mpya unapendeza pichani lakini ukimya wake unachosha. Mimi naona makundi haya yanabishania jambo moja, na ndiyo maana nimeona nianzishe uzi huu. Nauweka msimamo wangu mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Hamasa ya mashabiki ndicho kitu pekee ambacho uwanja huupa umma na ambacho umma hauwezi kukipata kwingine. Kwa hiyo, fedha za umma zikitolewa, zinapaswa kuinunua hamasa hiyo kwa maandishi, ndani ya mkataba. Kwa muda mrefu zimekuwa zikinunua vitu vinavyoiua.

Nianze na uchumi, kwa kuwa upande huo ubishi ni mdogo kuliko wanasiasa wanavyotaka tuamini. Tangu miaka ya 1990 wachumi wa michezo, wakiwamo Roger Noll wa Chuo Kikuu cha Stanford na Andrew Zimbalist wa Smith College, wamerudia kuonyesha kwamba uwanja wa klabu ya kulipwa hauongezi kipato cha mji kwa kiasi kinacholingana na fedha ambazo mji umeutolea. Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Familia iliyotenga fedha ya starehe kwa mwezi huu, ikiitumia uwanjani, haitaitumia kwenye sinema wala mgahawani; fedha imehama mfuko, haikuongezeka. Ajira zinazotajwa nyingi ni za siku ya mechi tu: walinzi wa milangoni, wauza vinywaji, wafagiaji. Klabu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, hucheza nyumbani takriban mechi kumi kwa mwaka, za maandalizi zikiwemo, na siku nyingi zilizobaki uwanja wake wa mabilioni ya dola hauna kazi isipokuwa pale linapopatikana tamasha la muziki.

Deni nalo lina tabia ya kuishi kuliko uwanja. Uwanja wa Olimpiki wa Montreal, uliojengwa kwa ajili ya michezo ya 1976, ulimalizwa kulipiwa mwaka 2006, na sehemu kubwa ya malipo hayo ilitoka kwenye kodi ya tumbaku. Kwa miaka 30 mvuta sigara wa Quebec, hata asiyejua mpira wowote, alikuwa akichangia uwanja, na deni lilipokwisha, klabu ya besiboli ya Expos iliyokuwa mpangaji wake mkuu ilikuwa imekwisha kuhamia Washington. Huko Seattle, ukumbi wa Kingdome uliofunguliwa 1976 ulilipuliwa kwa baruti tarehe 26 Machi 2000, lakini walipa kodi waliendelea kuulipia hadi 2015.

Marekani ina kichekesho kingine ambacho hakisemwi vya kutosha. Sheria ya kodi ya 1986 ilikusudia kuzuia hati fungani zisizotozwa kodi (mikopo ya umma ambayo wakopeshaji hawalipi kodi ya riba yake) kutumika kujengea viwanja vya klabu binafsi, lakini ikaacha ufa: hati hizo bado zinaruhusiwa ilimradi sehemu ya deni inayolipwa kwa mapato ya uwanja wenyewe isizidi asilimia 10. Maana yake ni kwamba mji unaotaka mkopo wa riba nafuu unalazimika kuhakikisha kuwa klabu hailipi. Utafiti wa taasisi ya Brookings uliotolewa 2016 ulihesabu viwanja 45 vilivyojengwa au kukarabatiwa kwa kiasi kikubwa tangu mwaka 2000, ukakuta 36 kati yake vilitumia njia hiyo, na hazina ya taifa ikakosa dola bilioni 3.2. Mkazi wa jimbo la mbali kabisa alichangia bila kuulizwa.

Basi kama hesabu haikubali, kwa nini wananchi wengine wanaendelea kupiga kura ya ndiyo? Wapo wanaodanganywa na takwimu za kampeni, sikatai. Lakini naamini wengi hawakuwa wakinunua ajira. Walitaka mahali ambapo watu elfu hamsini wanaweza kupaza sauti moja kwa wakati mmoja, jambo ambalo katika maisha ya mjini halipatikani kirahisi. Hiyo ni haja halali ya umma, sawa na bustani au maktaba, na mtu mzima anaweza kuilipia huku akijua kwamba haitamrudishia faida ya fedha. Tatizo ni kwamba haja hiyo huletwa mezani ikiwa imevikwa koti la uchumi, na kwa sababu hiyo hakuna anayeandika popote kwamba hamasa ni sharti.

Kwamba hamasa ni kitu halisi, chenye uzito unaopimika, tulithibitishiwa mwaka 2020. Bundesliga ya Ujerumani iliporejea tarehe 16 Mei mwaka huo majukwaa yakiwa matupu, na ligi nyingine zikafuata, watafiti walipata jaribio ambalo wasingethubutu kuliomba. Kwa jumla waliona faida ya kucheza nyumbani ikipungua, na waamuzi wakipunguza upendeleo wao wa kawaida wa kuwapa wageni kadi nyingi zaidi. Vituo vya televisheni navyo vikalazimika kubandika sauti za mashabiki zilizorekodiwa, kwa sababu mpira bila kelele haukuuzika vizuri. Tafakarini jambo hilo kidogo. Bidhaa inayouzwa kwa mabilioni duniani kote inatengenezwa kwa sehemu na mtu aliyelipa kiingilio ili aruhusiwe kuitengeneza, na pale uwanja unapokuwa wa umma, mtu huyohuyo alikwisha kulipa kodi ya kuujenga.

Sasa tuingie kwenye saruji na chuma, kwa kuwa hamasa haishuki kutoka mbinguni. Wasanifu wa viwanja wanajua vizuri vitu vinavyoileta. Kuna umbali wa mstari wa kwanza wa viti kutoka uwanjani. Kuna mwinuko wa jukwaa: kila mstari lazima uinuliwe kiasi ambacho mtazamaji ataona juu ya kichwa cha aliye mbele yake, na mwinuko huo una kikomo, kwa kawaida nyuzi zipatazo 34 au 35, kwa ajili ya usalama. Kuna paa, ambalo likiwa gumu na likishuka karibu na vichwa vya watu hurudisha sauti uwanjani kama kifuniko kinavyorudisha mvuke chunguni. Na kuna vyumba vya VIP. Hivi vinaathiri kuliko watu wanavyodhani, maana ghorofa moja au mbili za vyumba vikiingizwa kati ya jukwaa la chini na la juu, jukwaa la juu linasukumwa juu na nyuma, na shabiki wa bei nafuu anajikuta akitazama mchezo kutoka mahali ambapo sauti yake hairudi tena chini. Viwanja vya zamani vilikuwa na nguzo zilizowaziba baadhi ya watu, ni kweli, lakini nguzo hizo ndizo zilizowezesha jukwaa la juu kuning'inia karibu kabisa na mstari wa uwanja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Dortmund. Kombe la Dunia la 1974 lilipokaribia, mji wa Cologne uliotarajiwa kuwa mwenyeji ulishindwa kugharimia uwanja wake, na nafasi ikaangukia Dortmund. Mpango wa awali ulikuwa wa uwanja wa mviringo wenye njia ya riadha, ambao gharama yake ilionekana kuwa kubwa mno kwa mji. Kwa kukosa fedha, wakachagua uwanja wa mpira peke yake, wa vipande vilivyoundwa kiwandani na kuunganishwa papo hapo, kwa maki milioni 32.7, na watu wengi wakiwekewa nafasi ya kusimama. Uhaba huo wa fedha za umma ndio uliozaa mojawapo ya viwanja vyenye hamasa kubwa kuliko vyote Ulaya. Jukwaa lake la kusini, lililopanuliwa miaka ya 1990, linabeba watu 24,454 waliosimama, na siku za ligi uwanja mzima unachukua 81,365. Laiti mji ungekuwa tajiri, mashabiki hao wangekuwa wakitazama mpira ng'ambo ya njia nane za kukimbilia.

Tajiri aliyefanya hivyo yupo: Turin. Stadio delle Alpi ilijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990, ikachukua watu wapatao 69,000 na ikawekewa njia ya riadha kati ya watu na mpira. Juventus, klabu yenye wapenzi wengi kuliko zote nchini Italia, iliwahi kucheza humo mechi ya Coppa Italia dhidi ya Sampdoria, msimu wa 2001–02, mbele ya watazamaji 237. Uwanja huo ulibomolewa 2009 ukiwa haujatimiza hata miaka 20, na uliojengwa mahali pake, uliofunguliwa 2011, unachukua watu wapatao 41,000 tu. Wamekaa karibu, na kelele ni nyingi kuliko za ule mkubwa.

Uingereza inatupa somo bora zaidi kwa sababu ilifanya jambo lilelile mara mbili, katika kipindi cha miaka kumi, kwa akili tofauti kabisa. Manchester ilipojenga uwanja kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, kwa fedha za halmashauri pamoja na pauni milioni 77 kutoka Sport England, iliamuliwa kabla ya msingi kuchimbwa kwamba baada ya michezo hiyo Manchester City watahamia. Njia ya riadha ikaondolewa, udongo ukachimbwa, uwanja ukashushwa na mistari mipya ya viti ikawekwa pale chini palipokuwa na wakimbiaji. Mji ulibaki mmiliki, na mkataba wa mwanzo ulisema kwamba halmashauri itapata fungu la mapato ya tiketi zinazozidi idadi iliyokuwa ikiingia Maine Road, uwanja wa zamani wa klabu. Huo ni mkataba wa mtu aliyekaa akafikiri.

London haikukaa. Uwanja wa Olimpiki ya 2012 ulijengwa kwanza, kisha ndipo watu wakaanza kutafuta atakayeutumia. West Ham waliingia 2016 kwa mkataba wa miaka 99, wakachangia pauni milioni 15 katika ukarabati ambao hatimaye uligharimu pauni milioni 323, na kodi yao ikapangwa kuwa takriban pauni milioni 2.5 kwa mwaka. Mkataba ulipowekwa hadharani, Waingereza waligundua kwamba hata nguzo za magoli na bendera za kona zinagharimiwa na mwenye nyumba, yaani umma. Uchunguzi ulioagizwa na Meya wa London ukaonyesha mwaka 2017 kwamba uwanja unapata hasara ya takriban pauni milioni 20 kila mwaka. Kwa kuwa riadha ilipaswa kuendelea kila kiangazi, viti vya chini vilifanywa vya kuhamishika, na kuvihamisha kukawa gharama nyingine ya mamilioni. Na mashabiki je? Waliotoka Upton Park, uwanja wa zamani wa klabu, ambako mchezaji akirusha mpira angeweza kusikia jina lake likitajwa kwa wema au kwa ubaya, walijikuta mbali na mchezo. Machi 2018, katika mechi na Burnley, baadhi yao waliingia uwanjani na wengine wakajazana chini ya jukwaa la wakurugenzi kulalamika. Mlipa kodi analalamika kwamba ametoa kingi, shabiki analalamika kwamba amepata kidogo, na mara nyingi ni mtu mmoja.

Niwe mwadilifu: uwanja wa Manchester nao hutaniwa na wapinzani kwa viti vitupu na ukimya. Usanifu mzuri na mkataba mzuri haviimbi. Vinachofanya ni kutowazuia watu kuimba.

Kinachowazuia zaidi, kuliko hata njia ya riadha, ni kiingilio. Baada ya maafa ya Hillsborough ya tarehe 15 Aprili 1989, ambayo yaliua watu 97, ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilipendekeza viwanja vikubwa viwe vya kukaa tu. Ripoti hiyo haikukusudia kuwafukuza maskini. Taylor aliandika kwamba bei ya viti vya chini kabisa ingeweza kupangwa kulingana na mifuko ya waliokuwa wakisimama, akatolea mfano uwanja wa Ibrox wa Glasgow ambako kukaa kulikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Serikali ikasaidia: katika bajeti ya 1990 kodi ya kamari za mpira ilipunguzwa kutoka asilimia 42.5 hadi 40, ili pauni milioni 100 zipatikane kwa miaka mitano kwa ajili ya kukarabati viwanja. Fedha ya umma ikatoka, viti vikawekwa, usalama ukaimarika sana, na hilo ni jema lisilo na bei. Lakini hakuna aliyeandika sharti la kiingilio. Wazo la pauni 6 lilibaki kwenye ripoti, na bei zikapanda kwa takriban miaka ishirini na mitano hadi mashabiki wa Liverpool, Februari 2016, wakaamua kuondoka uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77. Timu yao ilikuwa ikiongoza mabao mawili kwa bila. Mechi iliisha sare ya mawili. Baada ya siku chache wamiliki waliifuta bei ile. Kuhusu kusimama, England iliruhusu tena majukwaa ya kusimama yenye vyuma vya kujishikia kuanzia Januari 2022, jambo ambalo Wajerumani hawakuwahi kuliacha kwenye ligi yao.

Maracanã ni habari ileile kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1950 uwanja huo wa serikali mjini Rio de Janeiro uliingiza watu 173,850 waliolipa tiketi kuangalia Brazili ikifungwa na Uruguay, na waliokuwemo kwa jumla wanakadiriwa kukaribia laki mbili. Pembezoni mwa uwanja kulikuwa na eneo la kusimama liitwalo geral, la bei ya chini kabisa, ambalo lilikuwa baya kwa kutazamia mpira na zuri kwa kila kitu kingine. Lilifutwa 2005. Kisha kabla ya Kombe la Dunia la 2014 uwanja ukajengwa upya kwa zaidi ya reali bilioni moja za umma, ukawa wa watu wapatao 78,000, wenye vyumba, mikahawa na viti vya kukunja. Juni 2013 Wabrazili wenyewe, watu ambao hakuna wa kuwafundisha kupenda mpira, waliingia barabarani wakati mashindano ya majaribio yanaendelea, na gharama za viwanja zilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Huko Brasília, mji usio na klabu ya daraja la juu, uwanja wa Mané Garrincha ulikuja kutumika kama maegesho ya mabasi.

Hivyo ninapendekeza nini? Pale ambapo umma utaamua kuchangia, na hiari hiyo ibaki kuwa yake, mkataba utaje sehemu ya uwanja ambayo ni mzunguko wa kudumu: idadi ya nafasi, mahali zilipo (nyuma ya magoli na chini, wala si kwenye paa), ruhusa ya kusimama palipo na sheria inayoiruhusu, na kanuni ya kiingilio itakayofungwa kwa muda wote wa mkopo, labda kwa kuilinganisha na mfumuko wa bei. Vyumba vya VIP vijengwe kwa fedha ya klabu mpaka senti ya mwisho. Sina kinyongo na wenye nazo, ila sioni kwa nini kodi ya mauzo anayolipa mfanyakazi wa kawaida ijenge ghorofa inayomsukuma yeye mwenyewe nyuma. Wembley mpya, uliofunguliwa 2007, ulipata pauni milioni 161 za bahati nasibu ya taifa na serikali, kisha pete yote ya katikati, ile inayoonekana vizuri zaidi kwenye televisheni, ikauzwa kwa wateja wa huduma za kifahari. Sote tumeona viti vile vyekundu vikibaki vitupu dakika kumi baada ya mapumziko kwa kuwa wenyewe wako ndani wanakula.

Buffalo wamenishangaza zaidi. Jimbo la New York lilikubali 2022 kutoa dola milioni 600 na kaunti ya Erie milioni 250 kwa uwanja mpya wa Bills, klabu ya NFL. Uwanja huo una nafasi chache kuliko ule wa zamani, ingawa nakiri kwamba umesanifiwa kwa mwinuko mkali na paa la kurudisha kelele, na pengine utavuma. Lakini mashabiki wa muda mrefu wametakiwa kununua kwanza haki ya kiti, ndipo waruhusiwe kununua tiketi yenyewe. Yaani umma umetoa milioni 850, halafu mmoja mmoja wanaombwa kulipia idhini ya kulipa. Kama kuna aliyekaa upande wa umma katika mazungumzo yale akauliza habari za kiingilio, jibu lake halikuingia kwenye mkataba.

Nyongeza baada ya kusoma michango yenu

Mdau mmoja amesema suluhisho ni jepesi: klabu zijenge zenyewe. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. SoFi ya Los Angeles, iliyofunguliwa 2020 na kugharimu dola zaidi ya bilioni tano, ilijengwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha binafsi, na Tottenham walijenga uwanja wao wa watu 62,850 kwa mikopo yao wakaufungua Aprili 2019. Tena Tottenham walikwenda kuitazama Dortmund, wakajenga jukwaa moja la kusini la watu 17,500 lisilokatwa na vyumba. Ila mwenye kujenga kwa mkopo lazima alipwe na mtu, na bei za tiketi za pale zinajulikana. Fedha binafsi inaondoa dhuluma kwa mlipa kodi, hailindi mzunguko. Kama mji hauna nia ya kuulinda, basi ndiyo, afadhali usitoe hata senti.

Mwingine amekumbusha kwamba Marekani viwanja vya umma vina kelele kubwa kuliko vyote, na kwamba hoja yangu inayumba. Kweli, uwanja wa Arrowhead wa Kansas City ni mali ya kaunti ya Jackson katika jimbo la Missouri, wapiga kura waliidhinisha hati fungani zake 1967, na mwaka 2014 ulipimwa desibeli 142.2. Seattle nao, baada ya kulipua Kingdome, walijenga kwa mchango mkubwa wa umma uwanja ambao Januari 2011 mashabiki walishangilia mbio za mchezaji wao Marshawn Lynch mpaka vipimo vya tetemeko la ardhi vikanasa. Mifano hii inaniunga mkono. Wananchi walitoa fedha na wakapata kitu. Hoja ni kwamba hawakupata hati yake. Aprili 2024 wapiga kura wa Jackson walipokataa kuendeleza kodi ya mauzo kwa ajili ya Chiefs, klabu inayotumia Arrowhead, na Royals wa besiboli, miezi miwili tu baadaye bunge la jimbo jirani la Kansas lilipitisha sheria ya kuruhusu hati fungani zigharimie hadi asilimia 70 ya uwanja mpya, na nusu karne ya kelele za Arrowhead haikumpa mwenye uwanja kinga yoyote.

La mwisho ndilo gumu: mdau ameuliza mahakama itaipimaje hamasa, kitu kisichoshikika. Jibu lipo, nalo limetoka Minnesota. Metrodome ya Minneapolis, iliyofunguliwa 1982 kwa gharama ndogo na chini ya paa la kitambaa lililokuwa likirudisha kila sauti, ilikuwa ya tume ya umma. Timu ya besiboli ya Twins ilitwaa ubingwa wa 1987 na wa 1991 humo kwa kushinda mechi zote nne za nyumbani na kupoteza zote tatu za ugenini, mara zote mbili. Ligi ilipotaka kufuta klabu mbili mwishoni mwa 2001, na Twins wakatajwa, tume ilikwenda mahakamani. Klabu ingeweza kudai kwamba italipa fidia na kuondoka. Jaji alikataa, akaamuru mechi za 2002 zichezwe kama mkataba ulivyosema, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono, kwa sababu kile ambacho umma ulikuwa unakipata kutoka kwa mpangaji huyo hakikuwa kodi ya pango, bali uwepo wa mchezo wenyewe katika jamii, na hasara ya namna hiyo haifidiwi kwa hundi. Klabu ikabaki.

Kwa hiyo kisheria njia ipo, ilimradi kipengele kiandikwe. Ninyi mnaojua sheria za mikataba mtusaidie hapa chini: je, kiingilio cha mzunguko kinaweza kufungwa kwa njia hiyohiyo kwa miaka 30, au mwenye klabu atapata pa kupenya? Nauliza kwa sababu Twins haohao walipata uwanja mpya wa Target Field mwaka 2010, kwa kodi ya mauzo ya asilimia 0.15 ya kaunti ya Hennepin, ambayo bunge la jimbo liliiruhusu bila kura ya wananchi.